Devprayag: ushike mnyororo kwanza

Mkuu, pale Devprayag, kaskazini mwa India, mito ya Alaknanda na Bhagirathi inapokutana na kuwa Ganga, usiingie upande wa Bhagirathi! Umeandika kwamba utatoka Dehradun mwezi wa 8 na kuogea upande huo kwa sababu "maji yake ni masafi na yametulia." Hayajatulia hayo, yamezuiwa.

Alaknanda utaikuta ya kahawia kama chai ya maziwa, imebeba tope la mvua. Bhagirathi ni ya kijani kwa sababu tope lake limetuama nyuma ya bwawa la Tehri, ukuta wa mita 260.5, na chini yake kuna bwawa jingine la Koteshwar. Mitambo ya umeme ikifunguliwa, maji yanapanda ngazi za kuogea bila tone la mvua kuanguka mjini. Ngazi uliyoikanyaga kavu inazama, na ya juu yake ina utando wa tope laini, unateleza kama sabuni. Halafu maji yenyewe yametoka kwenye barafu. Yakikufika kiunoni, vidole vinakufa ganzi, na hapo ndipo unapoachia.

Pale ngazini kuna minyororo. Ushike kwanza, ndipo mguu uguse maji. Usipite mwisho wake hata hatua moja. Kuoga ni kuchuchumaa na kujimwagia kwa kopo, mkono mmoja uko kwenye mnyororo. Chupa ya kubebea maji ya mto nayo ijaze hivyo hivyo. King'ora cha kuonya kuhusu maji ya bwawa kikilia, acha ndala, acha nguo, panda.

Mwongozaji wangu aliniambia kushika mnyororo ni mambo ya wazee, nikauacha. Sijamsamehe, maana mto ule yeye aliujua, mimi sikuujua. Mkoba wenye pasipoti ulikwenda na Ganga. Kwa India hiyo ni hasara juu ya hasara: hoteli inataka pasipoti ili ikuandikishe, polisi wakupe ripoti, ubalozi Delhi ukupe hati ya dharura, kisha uombe kibali cha kutoka nchini. Bila hivyo ndege huipandi. Kwa hiyo hati zibaki chumbani, shukia ngazi na nakala tu.

Kutoka mji wa Rishikesh hadi Devprayag ni kama kilomita 70. Panda basi la alfajiri la kwenda Srinagar (ya Garhwal, siyo ya Kashmir), linapita hapo Devprayag, kwa sababu mwezi huo mlima huporomoka na kufunga barabara. Na huyo rafiki yako anayetaka kupigwa picha amesimama ngazi ya mwisho, mwambie ashike mnyororo hata kwenye picha.