Chupa Iliyokaa Juu ya Kabati

Wiki iliyopita mliuliza: "Ni kitu gani ungependa kukijua mapema ulipokuwa ukimuuguza mzazi mwenye saratani?" Jibu langu ni moja, nalo linanitia aibu: ningependa kujua kwamba mofini, ile dawa kali ya maumivu, haingoji mtu awe anakata roho.

Baba alikuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye mifupa, kama ilivyo desturi ya saratani hiyo ikishasambaa. Akaandikiwa mofini ya maji. Tukarudi nayo nyumbani, tukaiweka juu ya kabati, tukaendelea na vidonge vyetu vya kawaida. Siku nane nzima. Kaka yangu mkubwa alisema tutamlevya mzee bure, na siku atakapozidiwa kweli hatutakuwa na cha kumpa. Sikumbishia, maana langu la moyoni lilikuwa baya zaidi: nilihisi tukiifungua chupa ile tumeshakubali. Basi ikakaa huko juu, na baba huku chini anauma pindo la shuka kila tukimgeuza. Ukimuuliza, "Sijambo, mwanangu."

Muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, alipokuja hakutuuliza sisi. Alivuta kiti, akainama hadi wakatazamana, akasema, "Mzee, tukihesabu sifuri mpaka kumi, maumivu yako sasa hivi ni ngapi?" Baba akatuangalia kwanza sisi, kama anayetuomba radhi. "Nane. Usiku yanapita hapo."

Nilitoka nje kidogo.

Hofu ya kaka muuguzi aliijibu bila kumdhalilisha. Mofini haiishi nguvu kwa kuanza mapema. Maumivu yakipanda, daktari hupandisha kipimo. Na mgonjwa wa saratani anayeinywa kwa maumivu, kama alivyoelekezwa, ni nadra kugeuka mraibu. Jambo kubwa ni saa. Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua St Christopher's, hospisi (nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona) mjini London mwaka 1967, alishikilia kwamba dawa itangulie maumivu, isiyafukuzie nyuma; na Shirika la Afya Duniani limekuwa likielekeza hivyo tangu 1986. Kwetu ikawa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku kipimo kikubwa kidogo ili alale mpaka kuche. (Hivyo vilikuwa vipimo vya baba. Vya mzazi wako utapangiwa.)

Siku mbili tatu za kwanza alisinzia mno, na kaka akawa ananitupia jicho la "si nilisema?" Usingizi ule ulipungua wenyewe. Kisichopungua ni kukosa choo, ndiyo maana mofini huandamana na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Sisi tuliiacha, eti choo hakikuwa tatizo. Siku ya nne kikawa tatizo kuliko mifupa.

Kilichonisaidia mimi mwenyewe ni daftari. Mistari mitatu tu: saa, namba aliyoitaja baba, na alikuwa anafanya nini. Baada ya juma moja muuguzi alilipitia kwa kidole na kuona nisichokiona: namba ilikuwa ikiruka kila asubuhi kaka anapomwogesha. Akaagiza kipimo cha nyongeza nusu saa kabla ya kuoga. Basi. Miezi yote tulidhani mzee hapendi kuogeshwa kwa sababu ya haya.

Kuhusu chakula, kinachogombanisha ndugu kuliko urithi, nitasema kidogo: mwili wa saratani iliyokomaa hukataa chakula wenyewe, na kumlazimisha mgonjwa hakumrudishii nyama. Vijiko viwili alivyovitaka mwenyewe vinatosha. Midomo iloweshwe mara kwa mara.

Ila kuna jambo moja msilivumilie hata usiku mmoja. Kama saratani imefika mifupani na miguu ikalegea ghafla, au mkojo ukagoma, au mgongo ukaanza maumivu mapya, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Huenda uti wa mgongo unabanwa, na miguu iliyochelewa mara nyingi hairudi.

Wapo watakaosema dawa ile haikumponya baba. Haikumponya, wala hakuna aliyetuahidi. Ila siku ya sita tangu tuishushe chupa, mzee aliamka akaomba kunyolewa ndevu, kitu ambacho hakuwa amekitaja kwa miezi miwili. Kaka akaleta beseni na wembe, mkono unamtetemeka. Baba akamvumilia shavu la kwanza. La pili likamshinda: "Wewe unanyoa au unalima? Mpe dada yako."