Maswali ya Wasomaji: Saizi ya pete za fedha zenye vito

Mwezi huu tumejibu barua tano za masonara na wanaojifunza usonara, zote kuhusu pete kukaa vizuri kidoleni.

Swali: Nilimpima mteja kidole nikapata mzingo wa milimita 54. Nikakata ukanda wa fedha wa milimita 54, nikaukunja na kuulehemu. Pete haikupita hata kwenye kifundo. Nimekosea wapi? — *Msomaji, Moshi*

Jibu: Kidole ulikipima sawasawa, ila unene wa fedha hukuuhesabu. Ukanda unapokunjwa, upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutwa. Sehemu isiyobadilika urefu ni ile ya katikati ya unene. Kwa hiyo chukua kipenyo cha ndani unachokitaka, jumlisha unene wa ukanda, kisha zidisha kwa 3.14.

Mzingo wa 54 ni kipenyo cha milimita 17.2. Ikiwa ukanda wako una unene wa milimita 1.5, hesabu ni 17.2 + 1.5 = 18.7, mara 3.14, sawa na milimita 58.7. Ulipokata 54, kipenyo cha ndani kilibaki 15.7. Kwa vipimo vya Marekani, ambavyo saizi moja hadi nyingine hutofautiana kwa milimita 0.8 hivi ya kipenyo, pete yako ilipungua karibu saizi 2.

Ongeza nusu milimita ya kupiga tupa kwenye ncha. Ncha hizo lazima zigusane kabisa. Zishike mbele ya mwanga: ukiona mstari wa mwanga katikati, rudi kwenye tupa, kwa sababu lehemu ya fedha haizibi pengo. Itapita pembeni, na kiungo kitakatika siku ya kwanza utakapokigonga.

Halafu angalia upana. Pete nyembamba huiachia nyama ya kidole nafasi ya kusogea pembeni. Pete pana huibana yote. Ukanda wa milimita 6 hadi 8 uongezee nusu saizi, yaani milimita 1.3 hivi ya urefu. Ukizidi 8, unaweza kufika saizi nzima, milimita 2.5.

Unapoiviringisha kwenye mandreli, ile nondo ya kupimia inayochongoka, tumia nyundo ya plastiki au ya ngozi. Nyundo ya chuma huikondesha fedha na kuipanua pete. Kila baada ya kuizungushia mapigo, igeuze upande wa pili, la sivyo mdomo mmoja wa pete utakuwa mpana kuliko mwingine. Na kama umepanga kuipamba kwa alama za nyundo, itengeneze ikiwa ndogo kwa robo saizi, kwa maana mapigo hayo yenyewe yataipanua.

Swali: Wateja wangu wako Muscat na London. Wananitumia urefu wa uzi waliozungushia kidole, na pete nyingi zinarudi. Nifanye nini? — *Msomaji, Zanzibar*

Jibu: Achana na uzi. Unavutika, unazama kwenye nyama, na hausemi lolote kuhusu kifundo. Mwombe mteja apime kipenyo cha ndani cha pete anayoivaa tayari kwenye kidole hicho hicho cha mkono huo huo, na akuambie upana wake. Kidole cha mkono anaoutumia zaidi mara nyingi ni kinene kuliko mwenzake.

Asiyekuwa na pete akate karatasi yenye upana sawa na pete utakayotengeneza, aizungushe, aigundishe kwa selotepu, kisha aivue na kuivaa tena ikipita kwenye kifundo. Apime asubuhi, jioni na siku nyingine. Joto na chumvi nyingi huvimbisha vidole, na baridi huvipunguza, kwa hiyo kipimo cha Januari cha mtu wa London kitakuwa kidogo kuliko cha Julai.

Akikutajia namba, muulize ni ya mfumo gani. Uingereza hutumia herufi, Marekani namba. Mfumo wa kimataifa wa ISO hutaja mzingo wa ndani kwa milimita, kwa hiyo 54 ya ISO iko karibu sana na 7 ya Marekani, yenye kipenyo cha milimita 17.3.

Swali: Pete ya tanzanaiti imetoka ndogo kwa nusu saizi, na kito nimeshakifunga. Naweza kuivuta tu kwenye mandreli? — *Msomaji, Arusha*

Jibu: Tafadhali usiivute. Pete isiyo na kito huweza kuvutwa nusu saizi bila shida. Yenye kito, mduara unapopanuka, sehemu ya juu hunyooka, na kikombe kinachoshika kito hufunguka upande mmoja na kubana upande mwingine. Tanzanaiti haivumilii mbano huo, maana kwa asili yake ina uelekeo ambao hupasuka kirahisi, na ugumu wake ni kati ya 6 na 7 tu kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10.

Moto nao ni hatari hiyo hiyo. Fedha hupitisha joto kuliko metali nyingine zote, hivyo ukichoma nyuma ya pete, joto linafika kwenye kito kabla lehemu haijayeyuka. Kukifunika kwa karatasi mbichi ni kubahatisha. Kitoe kwanza: inua ukingo wa kikombe kwa ncha nyembamba, kidogo kidogo ukizunguka pande zote. Kisha kata pete nyuma, mkabala na kito, mbali na muhuri wa 925 unaoonyesha kiwango cha fedha. Ingiza kipande cha fedha cha milimita 1.3, lehemu kwa lehemu laini, piga tupa na msasa, ndipo urudishe kito. Lehemu laini huyeyuka kwa joto la chini, kwa hiyo maungio ya kwanza, yakiwa yalifanywa kwa lehemu ngumu, hayatafunguka.

Utaratibu huu ufuate pia kwa zumaridi, opali, feruzi na lulu. Na pete iliyozungushiwa vito pande zote haibadilishwi saizi, itengenezwe upya.

Swali: Pete yenye jiwe kubwa inageuka, jiwe linaangalia kiganja. Nimeipunguza, sasa haivuki kifundo. — *Msomaji, Nairobi*

Jibu: Irudishe kwenye saizi inayovuka kifundo kwa ukinzani kidogo. Inageuka kwa sababu uzito wote uko juu, na nyuma ya kifundo kidole ni chembamba. Yeyusha vipande viwili vya fedha viwe vidonge vya milimita 2 hivi, uvilehemu ndani ya pete upande wa chini, mahali ambapo saa ingeonyesha saa 11 na saa 1 za Kiswahili. Vilainishe kwa msasa. Hupita kwenye kifundo kwa kubonyeza nyama kidogo, kisha huzuia pete isizunguke. Kama bado unaichora pete, punguza kimo cha kikombe na ukipe kitako kisicho kirefu. Hiyo ndiyo tiba ninayoipendelea, kwa sababu jiwe refu hata lisipogeuka hugonga kila mlango.

Swali: Nikijaribu kito kwenye kikombe kinakwama na hakitoki. — *Msomaji, Voi*

Jibu: Laza uzi wa kusafishia meno juu ya kikombe kabla ya kuweka kito, kisha uvute ncha zote mbili. Kito kikihitaji kusukumwa ili kiingie, kikombe ni kidogo: kwa kito cha duara cha milimita 10 na ukuta wa 0.3, kata ukanda wa milimita 32.3.