Mionzi ya Mtaani na Mwenye Kuisimamia: Maswali Yenu Yajibiwa

Tangu habari za mtambo wa nyuklia zirudi magazetini, maswali yamemiminika. Wachache wenu mmeuliza kuhusu umeme. Wengi mmeuliza kuhusu mionzi iliyo karibu nanyi tayari: ya kliniki, ya lango la jengo, ya yadi ya vyuma chakavu. Hayo ndiyo majukumu ya kila siku ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia Kenya, KNRA, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2019 na kurithi kazi ya iliyokuwa Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi. Nimechagua maswali saba.

Mwanangu wa miaka sita alianguka akaumia mkono. Alipigwa eksirei katika kliniki ndogo iliyo juu ya duka la dawa. Mlango ni wa mbao na haufungiki vizuri. Nitajuaje kama mashine ile imekaguliwa? (Mama, Umoja)

Pole kwa mtoto, mama. Kwanza tulia: picha ya mkono hutoa mionzi kidogo sana, pungufu ya ile ambayo mwili wa kila mmoja wetu hupokea kwa siku moja kutoka ardhini na angani. Picha ya kifua ni sawa na siku chache za mionzi hiyo ya kawaida. Ya CT ya tumbo ndiyo nzito, inaweza kufikia kiasi cha miaka mitatu au minne, ndiyo maana haifai kuombwa bila sababu ya daktari.

Kinachonisumbua mimi ni ule mlango. Mtoto wako alipigwa picha moja akaenda zake, lakini karani aliyekaa nje ya mlango huo yuko pale kutwa, mwaka mzima. Mkaguzi anayejua kazi yake haanzi na mashine, anaanza na kuta. Huweka chombo cha maji mahali pa mgonjwa, kwa sababu maji hutawanya mionzi karibu kama mwili wa binadamu. Kisha anaomba mashine ipigwe huku yeye amesimama na kipimo nyuma ya mlango, dirishani, penye benchi la wanaosubiri, na hata chumba cha juu ikiwa kuna wapangaji. Baadaye huweka sarafu kwenye pembe za mwanga unaoonyesha eneo la picha, apige, aone kama mionzi imeangukia pale pale mwanga ulipo au imepita mipaka. Huangalia pia eproni za madini ya risasi: zikikunjwa badala ya kutundikwa, risasi hupasuka ndani bila mtu kuona.

Wewe una haki ya kuomba kuona leseni ya KNRA. Soma jina la kituo na tarehe ya mwisho. Wakishindwa kukuonyesha, toa taarifa kwa KNRA, na uutaje mlango huo. Na siku nyingine ukitakiwa kumshika mtoto wakati wa picha, dai eproni. Ikiwa una mimba, amshike mtu mwingine.

Mimi ni askari wa lango huko Westlands. Kila siku nakaa kando ya mashine ya kukagua mizigo. Nitapata saratani? (Askari)

Mashine hiyo hutoa mionzi tu ikiwa imewashwa na inapiga picha. Ikizimwa, ni kabati la chuma. Mapazia mazito ya pande zote mbili yana risasi na ndiyo kinga yako, kwa hiyo usiyafunge juu ili mizigo ipite haraka, wala usiingize mkono kuvuta begi lililokwama kabla ya kuzima. Mwajiri anapaswa kuwa na leseni ya mashine hiyo na kukupa mafunzo. Kile kifaa cha mkononi cha kutafuta chuma hakitoi mionzi ya namna hii kabisa.

Nanunua vyuma chakavu Kariobangi. Kuna mtu aliniletea kitu cha mviringo kama mtungi, kizito kupita kiasi, kina alama ya njano. Sikununua. Nilifanya vyema? (Mfanyabiashara)

Ulifanya vyema sana, ndugu yangu, na ningependa kila mwenye yadi asome jibu hili.

Septemba 1987, mjini Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia katika kliniki ya saratani iliyohamwa wakang'oa sehemu ya mashine ya tiba wakidhani ni chuma cha kuuza. Ndani mlikuwa na siziamu-137, kemikali yenye mionzi mikali. Mwenye yadi aliyenunua aliona unga unaotoa mwanga wa buluu gizani, akauona mzuri, akawagawia ndugu na marafiki. Watu walijipaka ngozini. Mtoto wa miaka sita alikula kwa mikono yenye unga huo. Mke wa mwenye yadi ndiye aliyeshtuka kwamba kila mtu anaugua, akakitia kile kitu katika mfuko na kukipeleka kwa basi hadi ofisi ya afya. Mama huyo na mtoto yule walikuwa miongoni mwa wanne waliofariki. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya laki moja walipangwa foleni kupimwa.

Chanzo cha msiba huo kilikuwa nini? Kliniki ilihama, mashine ikaachwa kwenye jengo lenye mgogoro, na mamlaka ya nyuklia ya Brazil haikuarifiwa kwamba hali imebadilika. Hapo ndipo udhibiti wote ulipo: kila kifaa kiwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na asiweze kukiuza, kukihamisha wala kukitelekeza bila mdhibiti kujua. Sumu haikuwapata watu wa Goiânia kwa sababu sayansi ilishindwa. Iliwapata kwa sababu hakuna aliyeulizwa, "Kile chuma chenu kiko wapi leo?"

Hata hapa kwetu vifaa hivi vipo nje ya hospitali. Wahandisi wa barabara hutumia kipimo chenye siziamu kujua kama udongo na lami vimeshindiliwa. Wanaopima viungo vya mabomba huwa na iridiamu-192, chanzo kingine cha mionzi. Viwanda vingine hupima ujazo wa chupa au mikebe kwa mionzi. Kampuni ikifilisika, vifaa hivyo huweza kuchanganyika na mali nyingine siku ya mnada.

Ukiletewa tena: usikate, usigonge, usikifungue, usikibebe kwenda nacho ofisini. Alama ya kawaida ni mapanga matatu meusi kwenye njano. Tangu 2007 kuna nyingine ya pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia, ambayo kwa vifaa hatari zaidi huwekwa karibu kabisa na chanzo chenyewe, kwa hiyo ukiiona jua umefika mbali mno. Ondoka, zuia watu wasisogee, nawa mikono, kisha piga simu polisi na KNRA. Na kwa huyo aliyekuletea: bado anacho. Taja ulichokiona, leo.

Mlingoti wa simu umejengwa nyuma ya ploti yetu Kayole. KNRA wanaweza kuuondoa? (Mpangaji)

Mawimbi ya simu ni ya aina nyingine. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei au siziamu, na KNRA haishughuliki nayo. Malalamiko ya mlingoti peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na ikiwa ni suala la ujenzi na mazingira, kwa NEMA.

Nafanya kazi ya eksirei karibu na Thika Road. Bosi huzifungia beji zetu kwenye droo, tunavaa siku ya ukaguzi tu. Sasa nina mimba ya miezi miwili. (Dada)

Hongera, dada, na swali lako ni la haraka. Beji haizuii mionzi, inahesabu tu. Ikikaa drooni inahesabu droo, na rekodi yako itasema uko salama hata kama hauko. Ivae kifuani, chini ya eproni, kila zamu.

Viwango vinavyofuatwa kimataifa ni hivi: mfanyakazi wa mionzi asizidi wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi inayopokewa na mwili) kwa mwaka, ukihesabu miaka mitano, wala asizidi 50 katika mwaka wowote. Mwananchi wa kawaida ni 1. Ukishamwarifu mwajiri kuhusu mimba, mtoto aliye tumboni huchukuliwa kama mwananchi: 1 tu kwa muda wote uliobaki. Kwa hiyo mwarifu leo, kwa maandishi, ubaki na nakala. Si lazima uache kazi, ila anapaswa kukupangia zamu na chumba kinacholingana na kiwango hicho. Omba pia usomaji wa beji zako za nyuma. Hizo namba ni zako.

Kenya ina NuPEA na KNRA. Si ni ubadhirifu? Kwa nini zisiunganishwe? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Nairobi)

La hasha, mwanangu. Kocha hapewi kipenga. NuPEA, iliyoundwa na Sheria ya Kawi ya 2019, kazi yake ni kuendeleza mpango wa umeme wa nyuklia. KNRA kazi yake ni kuweza kusema hapana.

Marekani walianza na tume moja mwaka 1946 iliyotangaza nyuklia na kuisimamia kwa pamoja. Ilivunjwa kwa sheria ya 1974, na Januari 1975 mdhibiti akaanza kazi peke yake. Japani, hadi ajali ya Fukushima ya Machi 2011, mdhibiti alikuwa ndani ya wizara ile ile iliyokuwa ikihimiza nyuklia. Septemba 2012 wakaunda mamlaka mpya inayojitegemea, baada ya maelfu kwa maelfu kuhamishwa makwao. Shilingi utakayookoa kwa kuunganisha hizi mbili ni ndogo kuliko hasara hiyo.

Mtambo hupewa kibali hatua kwa hatua: eneo, ujenzi, kuwashwa, uendeshaji, hatimaye kufungwa. Kila hatua inaweza kukataliwa, lakini ya kwanza ndiyo mwananchi ana nguvu zaidi, kwa sababu saruji ikishamwagwa kila mtu huona vigumu kurudi nyuma. Watu wa Uyombo kule Kilifi walilijua hilo walipopinga mtambo, na sasa mazungumzo yako Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Wakazi wa huko wakija kwenye mikutano wasitosheke na majibu ya anayetaka kujenga. Wadai kumsikia mdhibiti: maji ya kupoza mtambo yatarudi ziwani yakiwa na joto gani? Ajali ikitokea, nani atawahamisha, kwa barabara ipi, usiku wa manane? Hata wewe mwanafunzi, usiulize tu KNRA ina majengo mangapi. Uliza ina wakaguzi wangapi, na bajeti yao hutoka mkononi mwa nani.

Mke wangu alitibiwa tezi ya shingo kwa iodini yenye mionzi. Ameambiwa alale peke yake, na tuna watoto wadogo. Ni lazima? (Mume, Kasarani)

Ni lazima, lakini si kwa muda mrefu. Iodini-131 hupungua nusu kila baada ya siku nane, na nyingi hutoka kwa mkojo siku za mwanzo. Hospitali yenye leseni haimruhusu mgonjwa kutoka kabla ya kupima, kisha humpa siku za kujitenga kulingana na dozi yake. Fuateni hizo, si za jirani aliyetibiwa mwaka jana. Atumie kikombe na sahani zake, nguo na shuka zifuliwe kando, choo kipigwe maji mara mbili. Watoto wasimpande mapajani, na asikae karibu na mwenye mimba. Ikiwa ananyonyesha, mtoto huyo hatarudi tena kunyonya. Safari ndefu za matatu ziahirishwe. Kuzungumza naye kutoka upande wa pili wa sebule hakuna ubaya, na watoto wamsalimie kila asubuhi kutoka mlangoni.