Grisi kwenye kanzu

SUALI: Assalamu alaykum. Kanzu yangu nyeupe imegusa cheni ya pikipiki nikienda msikitini. Nimeiroweka kwenye jiki, alama haijatoka. Mikono nayo imebaki myeusi. Msomaji, Mwanakwerekwe, Unguja.

JAWABU: Waalaykumu salaam. Jiki hufifisha rangi, haiyeyushi mafuta. Isuuze kanzu mpaka harufu ya jiki iishe, iache ikauke kivulini. Usiipige pasi wala kuianika juani, maana joto hulikamatisha doa. Kisha, ingali kavu, tia sabuni ya maji ya vyombo kijiko kimoja juu ya alama, sugua taratibu kwa mswaki laini upande wa ndani, ngoja dakika 15, suuza kwa maji ya moto kiasi. Huenda ukarudia mara mbili tatu. Weusi wa cheni una vumbi la chuma ndani yake.

Mikono: mafuta ya nazi na sukari kidogo, sugua kabla ya kutia maji, halafu sabuni. Petroli hapana, hukausha ngozi na hushika moto.

Cheni yenyewe isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ifute, itie oili mpya. Mafuta hayo yasifike kwenye pedi za breki, zitateleza.