Msomaji Auliza: Mtihani wa CNA

Swali: Niko California, nataka kusomea CNA, yaani msaidizi wa wauguzi. Masomo ni ya muda gani, na watu hufelia wapi?

Jibu: Dada, sheria ya Marekani inataka angalau saa 75, lakini California inataka 160: 60 za darasani, 100 za vitendo. Usikimbilie kulipa ada. Ulizia kwanza nyumba za wazee zinazopokea malipo ya Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali. Ikiwa nyumba hiyo imeshakuajiri au kukuahidi kazi siku unapoanza kozi, hairuhusiwi kukutoza.

Maswali ya kuandika si tatizo sana. Kinachoangusha wengi ni vitendo, hata kunawa mikono! Sugua kwa sabuni sekunde 20 au zaidi, kati ya vidole na chini ya kucha, vidole vikielekea chini ili maji machafu yasirudi mkononi. Usiguse sinki. Kausha, kisha funga bomba kwa karatasi nyingine kavu. Ukilifunga kwa mkono mtupu, umejichafua upya. Mapigo ya moyo hesabu dakika nzima. Na kabla ya kumhamishia mzee kwenye kiti cha magurudumu, funga breki zote mbili, maana kiti kikiteleza mzee anaanguka.