Rangi Nyekundu Haisikiki: Kwa Wanaoingia Chuo na Kisoma Skrini

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilipewa sifa ya uvivu ambayo sikuistahili. Tulikuwa watu watano katika kazi ya kundi, tukiandika pamoja katika hati moja ya Google Docs, nami nilikuwa nimerudi nyumbani Lamu kwa likizo, nimeketi barazani Langoni na kompyuta iliyokuwa ikipata intaneti kutoka kwenye simu. Mwenzetu aliyepanga kazi aliandika majina yetu juu ya hati, kila jina kwa rangi yake, kisha akaipaka kila sehemu rangi ya mwenyewe. Mimi ni kipofu; kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kompyuta, kilinisomea majina matano, kikanisomea sehemu zote, na juu ya rangi hakikusema neno. Nikasubiri kuambiwa sehemu yangu ni ipi, nao wakasubiri niiandike, hata ukafika usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Tangu hapo nimejizoeza kuuliza jambo moja kila ninapokwama: kosa liko kwangu, liko kwa aliyeandika hati, au liko katika chombo chenyewe? Ukishalijua hilo, unajua pia wa kumwendea.

Anza na nafsi yako. Google Docs haizungumzi vizuri na kisoma skrini mpaka uiwashie uwezo huo, ama kupitia menyu ya zana, ama kwa kubonyeza Ctrl, Alt na Z kwa pamoja. Mimi nilihangaika wiki nzima nikidhani hati zangu ni tupu. Wengi wetu tunatumia NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe ni kipofu, kwa sababu bei za programu za aina hiyo zilikuwa zikiwashinda vipofu wengi. Ndani yake mna hali mbili ambazo lazima uzitofautishe. Katika hali ya kupitia ukurasa, herufi H hukurusha hadi kichwa kinachofuata, K hadi kwenye kiungo, na B hadi kwenye kitufe. Katika hali ya kuandika, herufi hizo hizo huandikwa tu. Nimewahi kuwasilisha insha iliyokuwa na h saba zimejipanga katikati ya aya ya pili. Ndani ya Google Docs, ukitaka kuruka hadi kichwa kinachofuata, shikilia Ctrl na Alt, kisha bonyeza N, halafu H.

Jambo jingine lililo mikononi mwako ni sauti. NVDA huja na sauti ya Kiswahili ya eSpeak, programu ya kutamka maandishi, ambayo ni kavu kama ya roboti lakini inasomeka, na ni afadhali mara mia kuliko kuiachia sauti ya Kiingereza ikusomee makala ya Kiswahili. Asiyeamini na aisikilize ikijaribu kutamka ng'ombe.

Kosa la mwandishi ndilo nililokutana nalo zaidi kuliko mengine yote. Mtu huandika kichwa kwa kukoza herufi na kuzikuza, jicho likatosheka, lakini kisoma skrini huhesabu kuwa kichwa kile tu kilichowekewa mtindo wa kichwa (Heading) kutoka kwenye menyu ya programu. Mimi hupita vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kwetu Lamu, bila ya kuona kwa sababu nazijua pembe zake: hapa ukuta unakatika, pale harufu ya mahamri, mbele kidogo punda wamefungwa. Hati ya kurasa arobaini isiyo na vichwa halisi haina hata pembe moja ya kushika. Waombe wenzako watumie mitindo iliyomo ndani ya programu, na uwaombe mwanzoni mwa muhula, kabla ya watu kuwa na haraka.

Wahadhiri nao hupenda kupiga picha kurasa za kitabu na kuzipandisha kama PDF. Kwetu hiyo ni picha, si maandishi. Katika Windows 10 na matoleo yaliyofuata unaweza kubonyeza Insert na R, na NVDA itajaribu kuyatambua maandishi yaliyomo. Picha iliyopigwa upande au yenye kivuli cha mkono huishinda mara nyingi. Ni bora umwendee mhadhiri kwa adabu umwombe faili ya asili. Wengi wanayo, na hawajui tu kwamba inahitajika.

Ukiwa na mtihani wa muda kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, usikubali jibu kwamba muda ukiongezwa kwako utaongezeka kwa darasa zima. Mhadhiri anaweza kumwekea mwanafunzi mmoja muda wake peke yake, bila kuwagusa wengine.

Kosa la chombo ndilo gumu. Kundi letu liliwahi kuchagua ubao wa kazi ambao kadi zake zilisogezwa kwa kuburutwa na kipanya tu. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, yaani wa kuziwezesha tovuti kutumiwa na wenye ulemavu, uitwao WCAG, umetaka tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008 kwamba kazi ya ukurasa ifanyike kwa kibodi, na toleo la 2.2 la mwaka 2023 likaongeza kwamba kinachoburutwa kiwe na njia nyingine. Unapolalamika, usiandike kwamba haifanyi kazi. Andika ulikuwa ukurasa gani, ulibonyeza nini, ulisikia nini, ulitarajia kusikia nini, na unatumia kivinjari gani. Barua ya namna hiyo haitupwi kirahisi, hasa ukitaja Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha. Ubao ule tuliuacha, tukarudi kwenye orodha ya kawaida ndani ya hati.

Kuhusu viziwi nasema machache, kwa kuwa si yangu ya kuyasema. Rafiki yangu wa Malindi huwaomba wenye mkutano wa Zoom wambandike mkalimani wa lugha ya ishara asitoweke kwenye skrini kila anayezungumza anapobadilika, na huomba hivyo siku moja kabla.

Yule mwenzetu wa rangi tuliendelea kusoma pamoja hadi mwaka wa nne. Siku hizi huandika jina langu mwanzoni mwa kila aya iliyo yangu, kisha huipaka nyekundu vilevile, kwa ajili, asema, ya hao wenye macho.