Geko wako ale mdudu gani? Anza na tumbo la mdudu mwenyewe

Mkuu, umeuliza kama funza wa unga peke yao wanamtosha geko chui (mjusi mdogo wa kufugwa) wa miezi mitano, kwa kuwa hawaruki, hawapigi kelele wala hawanuki. Nimewafuga hawa mijusi miaka tisa, na nilianza na hesabu hiyohiyo. Hesabu yenyewe si mbaya. Ila kuanzia sasa una mifugo aina mbili ndani, na huyo anayeliwa ndiye atakayekupa kazi zaidi.

Geko wangu wa kwanza alikula funza wa unga tu kwa miezi saba. Alikuwa na hamu ya kula, mkia umejaa, nikajiona fundi. Siku moja nikaona vidole vyake vinatetemeka akitembea, na tumbo analiburuta chini badala ya kulinyanyua. Nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo nikiwa nimejiandaa kueleza kila anachokula. Daktari akaniuliza: "Na hao funza, wao wanakula nini?" Nikabaki natazama meza. Walikuwa wanakula pumba kavu tu, tangu siku niliyowanunua.

Karibu wadudu wote tunaowalisha wana fosforasi nyingi kuliko kalisi, wakati mjusi anataka kinyume chake: kalisi iwe angalau sawa na fosforasi, na ikifika mara mbili yake ndiyo vizuri. Ikipungua, mwili unakwenda kukopa kwenye mifupa. Taya linalegea, miguu inapinda, na mfupa uliokwisha kupinda haunyooki tena. Wangu tuliwahi, ila alibaki na mguu mmoja wa nyuma uliokaa upande.

Kwa hiyo wadudu wako walishe vizuri saa 24 hadi 48 kabla hawajaliwa: majani mabichi, karoti, nafaka iliyosagwa. Halafu watikise kwenye kikombe chenye poda ya kalisi mpaka wawe weupe kidogo. Kama huna taa ya UVB (yenye miale kama ya jua inayomsaidia mjusi kujitengenezea vitamini D), hakikisha mojawapo ya poda zako ina vitamini D3, ila usizidishe, maana vitamini hiyo mwili hauitoi kirahisi.

Sasa wadudu wenyewe. Funza wa unga si funza wa uchafu, ni mabuu ya mbawakawa. Ukiwaweka kwenye friji wanapoa na kukaa wiki kadhaa bila kugeuka. Wana mafuta karibu mara mbili ya nyenje, na gamba lao ni gumu kidogo. Ile habari kwamba wakimezwa wazima wanatoboa tumbo na kutoka nje ni uzushi, usikunyime usingizi. Wale wakubwa wanaofanana nao, wanaoitwa superworm, usiwatie kwenye friji, watakufa wote.

Nyenje ndio wanaomwamsha geko. Mjusi huyu ni mwindaji, kinachojongea ndicho kinachomvuta zaidi, na nimeshuhudia geko mgomvi wa chakula akitikisa ncha ya mkia mara tu nyenje alipopita. Lakini wananuka, wanakufa ovyo, na wakibaki usiku ndani ya boksi wanamtafuna mjusi vidole na kope. Wasioliwa ndani ya dakika kumi na tano watoe. Kelele ni za madume yaliyokomaa tu, kwa hiyo ukinunua wadogo wasio na mabawa umepata ukimya na kimo kinachofaa kwa pamoja. (Mmoja alinitoroka akaishi nyuma ya friji. Kila simu ikiita naye anajibu.)

Mimi nimehamia kwa mende wa Dubia. Najua neno mende linakutia kichefuchefu, hata mke wangu alitaka kuhama. Hawa hawapandi kioo kikavu, hawanuki, na wanazaa watoto hai. Tatizo lao ni kujifanya wamekufa au kujifukia mchangani, kwa hiyo watie kwenye bakuli lenye kuta laini. Ziko nchi zinazokataza kuwafuga, angalia sheria ya kwenu kwanza.

Mabuu ya nzi askari mweusi nawapenda kwa kuwa ndio pekee kati ya hawa wa kawaida wenye kalisi nyingi bila poda. Sio kila geko anawakubali.

Viwavi wa nta ni peremende. Karibu robo ya uzito wao ni mafuta. Geko wangu wa pili nilimzoesha hao alipokuwa anaumwa, alipopona akagoma vingine vyote siku kumi na moja, huku kwapani ameota vifuko vya mafuta. Mpe mmoja baada ya muda mrefu, au usimpe kabisa.

Wadudu wa bustanini achana nao, wanaweza kuwa wamekula dawa au wamebeba minyoo. Kimulimuli hata usijaribu, ana sumu ambayo hata kidogo inaweza kumuua mjusi.

Kwako wewe, kwa miezi mitano, ningempa wadudu kila siku, wasiozidi upana wa nafasi kati ya macho yake: mende au nyenje siku nyingi, funza wako wa unga siku mbili kwa wiki. Akikomaa, kila siku ya pili au ya tatu inatosha. Akigoma siku chache kwa sababu umembadilishia, mvumilie, mkia ndio ghala lake, mradi haupungui. Na hukutaja joto la sakafu upande wa moto. Lipime uniambie, maana lisipofika nyuzi 31 hivi, chakula hakisagiki vizuri hata umpe mdudu gani.